Mzee Gonga na Kona ya Dirishani

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake marehemu, na nyinyi wateja wake wa zamani mliokuja kwa wingi kiasi cha kutushangaza, familia imenikabidhi mimi, mdogo wake wa kuzaliwa, kazi ya kuwasomea historia hii, si kwa sababu ninasoma vizuri kuliko wengine, bali kwa sababu asubuhi hii miwani yangu ndiyo pekee iliyoonekana. Kabla sijaanza, ninawaomba mlioketi kule ndani sebuleni msishtuke mkisikia utupu ukiitikia chini ya viti vyenu, sakafu hiyo ilikaguliwa juzi na watu wanaoijua kazi yao, na itawabeba.

Marehemu, ambaye vyeti vyake vina majina matatu mazuri ambayo hata mkewe huyasoma kwa kusitasita, lakini ambaye sote tulimjua kama Mzee Gonga, alizaliwa Ijumaa ya tarehe 9 Machi mwaka 1951, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa baba yetu mchonga milango na mama yetu muuza maziwa, ingawa dada yetu mkubwa, aliyekuwapo siku hiyo, anashikilia kuwa ilikuwa Jumamosi, na familia imeamua kuandika Ijumaa na kumwachia dada Jumamosi yake. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, yenye sakafu ya udongo ulioshindiliwa, na mama alizoea kusimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea, si kwa udhaifu wa miguu, bali kwa sababu kila alipotaka kupiga hatua aliigonga kwanza ardhi kwa kisigino, akasikiliza, hakuridhika, akaketi tena. Tabia hiyo hakuiacha mpaka mwisho wa maisha yake, na ndiyo iliyompa jina.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1959 hadi Desemba 1966, kisha akajiunga na shule ya ufundi aliyoimaliza Novemba 1969, akifaulu hesabu, useremala na uhunzi, na kufeli uchoraji wa majengo mara mbili, kwa kuwa mwalimu alipowaambia wachore nyumba, wenzake walichora kuta, madirisha na paa, naye akachora kilichoko chini ya nyumba, mawe, mifereji, mizizi ya mti wa jirani na panya mmoja, akasahau paa. Mwalimu alimwandikia kwa wino mwekundu kwamba mvua ikinyesha nyumba hii italowa, naye akajibu kwa mdomo kwamba hilo ni tatizo la watu wa juu, akapewa adhabu ya kufagia karakana wiki nzima, adhabu aliyoifurahia mno, kwa sababu ilimweka karibu na sakafu.

Baada ya masomo alifanya kazi na baba kuanzia Machi 1970, akichonga milango, mpaka Julai 1973 alipoajiriwa na kampuni ya kupamba ofisi, na kwa kampuni hiyo, mwezi Februari 1976, akatumwa kurekebisha mlango wa chumba cha kompyuta katika jengo la bima, enzi ambazo kompyuta moja ilijaza chumba kizima na ilipoozwa kwa baridi kali usiku na mchana. Akiwa amepiga magoti na bisibisi mkononi, alimwona fundi mmoja akibandika vikombe viwili vya mpira wa kunyonya juu ya sakafu, akavuta, na kipande cha sakafu kikanyanyuka kama kifuniko cha sufuria, na pale chini ndugu yetu akaona uwazi, nyaya zimelala kwa mpangilio, hewa ya baridi inapita, na miguu ya chuma imesimama safu kwa safu, kila mmoja na skrubu yake ya kuupandisha na kuushusha, imebeba chumba kizima bila kelele. Jioni hiyo hakugusa chakula, na mlango aliotumwa kuurekebisha, kwa taarifa tulizonazo, haujafunga vizuri hadi leo.

Tangu siku hiyo alihamia katika kazi ya sakafu za kuinuliwa, ambazo kwa faida ya wale wasiozijua ni mabamba makubwa ya mraba yanayolazwa juu ya miguu ya chuma, ili nyaya, mabomba na hewa vipite chini, na mtu aweze kufungua mahali popote bila kuvunja chochote, na ilikuwa katika kazi hiyo, mwezi Novemba 1977, alipokutana na mkewe, kwa njia ambayo wengi mmeisikia ikisimuliwa vibaya. Ukweli ni kwamba yeye na wenzake walikuwa wakiweka sakafu katika ofisi moja mpya, na mshona mapazia wa ofisi hiyo, binti mwenye maneno machache na cherehani ya chuma kitupu, ya kukanyaga kwa miguu, iliyohitaji wanaume wanne kuibeba, alifika siku moja kabla ya siku aliyoambiwa, akaiweka cherehani juu ya mabamba ambayo bado hayajakazwa, akaketi, akakanyaga, na ndugu yetu, ambaye alipaswa kumzuia, alikuwa ameduwaa mlangoni akimtazama. Bamba lilipinduka, cherehani ikazama upande mmoja, na binti akazama nayo hadi kiunoni, huku pazia la mkurugenzi likiwa limemfunika kichwa.

Marehemu alimtoa yeye kwanza, kisha akaitoa cherehani kwa msaada wa wenzake, akaipima huku na huku kama mganga anayepima mtoto aliyeanguka, akaiweka juu ya saruji, akaomba radhi, na kesho yake akarudi kuomba radhi tena, na keshokutwa tena, mpaka mapazia yakaisha na radhi hazijaisha. Walipofikia kuzungumzia ndoa, binti huyo, ambaye leo mtaa mzima unamwita Mama Cherehani, alikubali yote, akaweka sharti moja tu mbele ya wazee wa pande mbili.

"Mimi nitakuja," alisema, "lakini cherehani yangu haitapanda tena juu ya sakafu yenye tumbo tupu, na wewe usije ukaniomba hata siku moja."

"Sitakuomba," marehemu alijibu, na wazee wakaandika kwamba mambo yamekwenda salama, bila kujua wameandika habari ya miaka zaidi ya arobaini.

Walifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 6 Oktoba 1979, na mwezi Agosti 1981 marehemu, kwa kutumia mabamba na miguu iliyotolewa katika ofisi iliyokuwa ikibomolewa, aliinua sakafu ya sebule ya nyumba hii kwa kimo cha ndoo, akisaidiwa na rafiki yake wa maisha, fundi tunayemwita Pimamaji kwa sababu haamini meza yoyote ambayo hajaipima. Alikata milango kwa chini ili ifunguke, akasogeza mabomba, akapitisha nyaya, akapima kila kitu isipokuwa watu, kwa maana sakafu ilipanda na vizingiti vya juu vikabaki palepale, na baba mkwe wake, mtu mrefu kama nguzo ya simu, alipokuja kuona binti yake anaishije, aligonga kichwa akiingia, akagonga akitoka, na akarudi kwa kusahau kofia yake akagonga mara ya tatu. Tangu hapo kila mgeni anayeingia nyumba hii huinama, swichi za taa huwashwa kwa kushusha mkono, na kwa miaka mingi mtaa mzima umetusifu kuwa ni nyumba yenye adabu kuliko zote. Hata sisi tuliombeba asubuhi hii tumetoka naye tumeinama, na mmoja wetu, ambaye ni mkwe na bado mgeni kidogo, ana nundu.

Mama Cherehani hakuvunja neno lake. Cherehani ilikaa katika korido ya kwenda jikoni, juu ya saruji, mahali penye giza, ambapo alishona sare za shule za watoto wa mtaa huu wote akiwa amelipa mgongo dirisha la sebuleni, akitumia taa mchana, akiwaita watoto wake wamtungie uzi kwenye sindano, huku mvuke wa masufuria ukimpitia begani. Marehemu naye hakuvunja neno lake. Alipita pale koridoni kila siku, akatazama, akagonga saruji kwa kisigino, akameza maneno, akaenda kazini.

Na kazini alikuwa mtu mwingine kabisa, kwani kuanzia mwaka 1984 aliacha kuweka sakafu na akawa mtu wa kuitwa kabla sakafu hazijanunuliwa, na wenye majengo, wasanifu na mameneja walimketisha mbele ya sampuli zilizopangwa mezani, mabamba ya chuma yaliyojazwa saruji, mabamba ya mbao iliyosagwa na kugandishwa, mengine yenye zulia, mengine yenye matundu ya kupitishia hewa, wakamwuliza ipi ni bora, swali ambalo lilimuudhi kama mtu aliyeulizwa kiatu gani ni bora bila kuonyeshwa mguu. Yeye alikuwa na maswali yake matatu, ambayo hata watoto wake waliyajua kabla ya kujua kuhesabu, nini kitasimama juu, nini kitapita chini, na nani atafungua siku sisi tukishaondoka, na hakuwa tayari kuzungumzia rangi ya zulia mpaka ajibiwe yote.

Hakuogopa kujaribu. Kwa jengo moja la ghorofa kumi na mbili, alipoambiwa kwamba sakafu itakanyagwa na watu wa kawaida tu, alimwomba meneja msaidizi avae viatu vya kisigino kirefu vya katibu wake na atembee juu ya kila sampuli, kwa kuwa alisema mtu mzito akitembea kwa visigino vyembamba ndiye mtihani wa kweli, na meneja huyo, ambaye yupo hapa leo katika safu ya tatu na ametupa ruhusa ya kulitaja hili, alitembea vizuri kuliko alivyotarajiwa. Kwa ofisi nyingine alileta kasha la chuma la kuhifadhia fedha, akalipakia kwenye mkokoteni na kulisukuma juu ya mabamba mbele ya wakurugenzi, akiwaeleza kwamba kitu kizito kikisimama hakina hatari kama kikitembea, na lilipofika kwenye bamba walilolipenda kwa sababu ya rangi yake, gurudumu likazama, wakurugenzi wakabadili mawazo kuhusu rangi.

Wapo pia ambao hawakumsikiliza. Ofisi moja ya kupokea simu za wateja ilitaka dari iwe juu na ya fahari, kwa hiyo mwenye jengo akapunguza miguu ya sakafu ikabaki kimo cha kiganja, kisha akanunua mtambo wa kupuliza baridi chini kwa chini, akajaza humo nyaya zote alizozipata duniani, na hewa ikakosa njia. Wafanyakazi wa upande wa mtambo walikuja kazini na makoti na soksi mbili, wa upande wa pili walijipepea kwa mafaili hadi mafaili yakachanika, na wale wa katikati tu ndio waliokuwa na hali ya hewa nzuri, ndiyo maana ndoa zote mbili zilizofungwa katika ofisi ile ni za watu wa katikati. Marehemu alipoitwa hatimaye, hakumcheka mwenye jengo mbele yake, alisubiri kufika nyumbani, akacheka mpaka Mama Cherehani akatoka koridoni kuuliza kuna nini.

Familia ingependa kusema kwamba yeye mwenyewe hakukosea, lakini wapo hapa watu wenye kumbukumbu. Mwaka 1992 alichagua sakafu kwa ajili ya ofisi ndogo ya mawakili, na kwa kuwa alikuwa na ugomvi wa muda mrefu na muuzaji wa mabamba ya mbao, ambaye yeye ndiye aliyembatiza jina la Maranda, aliwawekea mawakili wale mabamba mazito kuliko yote ya chuma na saruji, ya kubeba mitambo ya kiwanda, mahali ambapo kitu kizito kilikuwa ni mafaili na wakili mmoja mnene. Ilipohitajika kutengeneza simu, makarani watatu walishikwa na migongo kwa kujaribu kuinua bamba moja, na kila aliyepita na viatu vigumu aliifanya ofisi ilie kama kengele, wateja wakawa wanaeleza siri zao kwa kupaza sauti. Marehemu alikwenda mwenyewe dukani kwa Maranda, akasimama mbele ya wateja wake, akasema amekosea na kwamba ofisi ile ilikuwa ya mbao tangu mwanzo, na Maranda, aliyekuwa amejiandaa kwa matusi, akamletea kiti. Toka siku hiyo wakawa marafiki wa kutaniana, na Maranda yuko hapa, na tangu juzi analia kuliko sisi wa damu.

Marehemu na mkewe walijaliwa watoto watatu, binti mkubwa, aliyezaliwa Desemba 1980 na ambaye ni muuguzi, kijana wa kiume, aliyezaliwa Mei 1984 na ambaye ni fundi umeme, na binti wa mwisho, aliyezaliwa Februari 1991 na ambaye ni mwalimu, wote watatu wafupi kwa kimo, jambo ambalo marehemu alilitaja kama ushahidi kwamba vizingiti vya milango havikuwa na kosa. Wamekulia juu ya sakafu ile, na kila kilichopotea katika nyumba hii, funguo, sarafu, meno ya bandia ya bibi yao, paka mmoja kwa siku mbili, kilipatikana chini yake.

Lakini hakuna aliyewahi kuelewa habari ya kona ya dirishani. Sebule hiyo ina kona moja nzuri, yenye mwanga wa asubuhi mpaka alasiri, na marehemu hakuruhusu kitu chochote kiwekwe pale, televisheni ilipokuja ilikataliwa, kabati ambalo mkwe wetu alilileta kwa heshima zote limekaa chumbani mpaka leo likiziba nusu ya mlango, na hata kiti cha mgeni kikisogezwa kule, mwenye nyumba alikirudisha na mgeni wake akiwa bado amekikalia. Dada yetu mkubwa alitangaza kwamba kaka amejiwekea nafasi ya jeneza, mtoto wa kiume akasema baba anangojea ugunduzi ambao bado haujafanyika, na mkewe akasema mwacheni, kila mtu na wazimu wake. Siku moja mimi, nikiwa nimechoka kumwona shemeji yangu akikodoa macho gizani, nilimwuliza kaka kwa nini asimwombe tu mkewe alete cherehani dirishani, ahadi ya ujana isingemfunga mtu mzima kiasi hicho.

"Nikimwomba, atakubali kwa ajili yangu," aliniambia. "Mimi nataka akubali kwa ajili ya sakafu."

Nilimwona mjinga, na nilimpenda hivyohivyo. Mtu aliyezishawishi kampuni nzima nzima zikanyage alichokichagua alikuwa ameshindwa na mtu mmoja, tena wa nyumbani kwake, na hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha.

Mwezi Septemba 2023 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, na daktari wa moyo alipoanza kuichunguza miguu, marehemu alimweleza kwa upole kwamba miguu ikilemewa kosa si la miguu, aangalie mzigo ulioko juu, na daktari akakiri kwamba ndivyo ilivyo, tatizo lilikuwa moyo. Alilazwa mwezi Januari 2024, akagonga sakafu ya wodi kwa kisigino siku aliyoingia, akamwambia muuguzi mkuu kwamba karibu na kitanda cha nne kigae kimoja kimeachana na saruji, na wiki ya tatu kigae hicho kikang'oka chini ya toroli la dawa, baada ya hapo wauguzi wakaanza kumuuliza na mambo mengine, ikiwemo matokeo ya mpira. Mwezi Machi madaktari walisema arudi nyumbani akapumzike, na sote tulielewa maana ya neno hilo, naye alielewa kabla yetu.

Kitanda chake kiliwekwa sebuleni, penye hewa, na hapo Mama Cherehani akawa na kazi mbili katika vyumba viwili, sare za shule zilizokuwa zimeahidiwa zikimngojea koridoni, mgonjwa akimngojea sebuleni, akawa anashona mstari mmoja anakuja kumtazama, anashona mwingine anakuja tena, mpaka miguu yake yeye nayo ikaanza kuvimba. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 8 Aprili, bila kumshauri mtu, aliwaita kijana wake, mkwe wake, Pimamaji na jirani mmoja mwenye mabega, akawaambia waichukue cherehani waipandishe sebuleni. Watu wale wanne walitazamana. Waliinua, wakainama mlangoni, jirani akagonga kichwa, wakapanda, na kwa kuwa sebule ilikuwa imejaa kitanda, viti na dawa, palikuwa na mahali pamoja tu patupu.

Marehemu alikuwa macho. Cherehani ilipotua dirishani, alitoa kidole kimoja nje ya shuka.

"Kidogo kulia," alisema. "Vuta kwenu. Hapo hapo, msiiguse tena."

Tulidhani anamtafutia mkewe mwanga. Mama Cherehani alileta kigoda chake, akaketi kwa tahadhari ya mtu anayeingia maji asiyoyajua, akaweka mguu kwenye kikanyagio, akakanyaga polepole, akasubiri, akakanyaga tena, na baadaye akaongeza mwendo mpaka cherehani ikanguruma kama zamani, na pale penye dawa, glasi ya maji iliyokuwa kwenye stuli haikutikisika. Marehemu alikuwa amefumba macho, akisikiliza kwa uso wote. Jioni, akikunja sare ya mwisho, shemeji alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kumtazama mtu, "Haichezi," na kaka yangu akageukia ukutani, na sisi tuliokuwepo tukajifanya tunatafuta viatu vyetu.

Wiki tano alizobakiza zilikuwa, kwa kadiri tulivyoona, wiki zake nzuri. Aligoma kula kama wagonjwa wote, aliwafukuza wageni waliomletea nyuso za msiba mapema, alimpigia Maranda simu kumkumbusha mambo ya mwaka 1992, na mchana alilala akisikiliza cherehani, na ikinyamaza alifungua jicho kuuliza kuna nini. Alifariki Jumanne ya tarehe 14 Mei 2024, kiasi cha saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, mkewe akipinda sketi ya shule, akimsimulia habari za bei ya vifungo, na alipofika mwisho wa pindo akanyamaza ili jicho lile lifunguke, nalo halikufunguka.

Sasa niwaeleze habari ya juzi, ambayo haikuwa katika karatasi hii hadi jana. Jumatano Pimamaji alikuja na wenzake wawili na vikombe vyao vya mpira, wakisema kwamba mzigo wa waombolezaji si mzigo wa familia, na kwamba itakuwa aibu ya karne sakafu ya Mzee Gonga ikizama siku ya msiba wake. Walikagua bamba kwa bamba, wakakaza skrubu mbili tu, na walipofika dirishani Mama Cherehani akakataa katakata cherehani isogezwe, kwa hiyo Pimamaji akafungua bamba la jirani, akalala kifudifudi, akaingiza kichwa na tochi, akakaa humo muda kiasi kwamba tukadhani amemwona panya. Alipotoa kichwa alikuwa na vumbi kwenye nyusi, na hakuwa na utani hata kidogo.

Alitueleza kwamba kila bamba lina miguu yake kwenye pembe, na hiyo ipo, lakini chini ya cherehani kuna miguu mingine minne ya ziada, imesimama katikati ya mabamba mahali ambapo hakuna fundi anayeweka mguu, na kila mmoja uko sawasawa chini ya mguu mmoja wa cherehani. Ni miguu ya aina ileile ya zamani, iliyoacha kutengenezwa kabla ya watoto wa nyumba hii kumaliza shule, imegandishwa kwa gundi ileile nyeusi ya mwaka 1981, na Pimamaji akakumbuka kwamba siku walipoweka sakafu hiyo, walipofika kona ile, marehemu alimwambia aende nyumbani kupumzika, atamalizia mwenyewe. Vipimo vya cherehani alikuwa navyo tangu siku alipoitoa shimoni.

Shemeji yangu alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake mabegani, amesikia yote, na sote tulimgeukia.

"Hiyo miguu ya ziada," alisema, "ni ya cherehani au ni ya kunibeba mimi?"

Pimamaji, mtu anayeogopa wajane kuliko umeme, alisema haraka kwamba ni ya cherehani, cherehani peke yake, chuma kile ni kizito sana. Mama Cherehani akasema, basi huyu mtu hakufikiri vizuri, maana cherehani haishoni bila mtu, na kigoda je. Pimamaji alimtazama, akatazama kigoda, akarudi chini na tochi, na safari hii hakukaa sana.

"Upo," alisema kutoka shimoni. "Mguu wa tano. Chini ya kigoda."

Shemeji alicheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya kigoda chenyewe, akasema kwa hiyo alikuwa ananiona mnene tangu 1981, na ndani ya kicheko hicho kilio kikamkuta, na binti yake muuguzi akaja kumshika. Sisi wanaume tulisimama tukiitazama sakafu, na wa kwanza kuondoka kwenda kunawa uso alikuwa Maranda. Mzee Gonga alikuwa ameyajibu maswali yake yote matatu kabla ya mtu kumuuliza, alijua nini kitasimama juu, alijua chini ya kona ile hapatapita waya hata mmoja, na alijua kwamba siku yeye akishaondoka, kuna atakayefungua.

Familia inawashukuru madaktari wa moyo na wauguzi wa wodi ile, na inatumaini kigae kimerudishwa. Tunawashukuru majirani, hususan mwenye mabega, kwa turubai, viti na kwa kuinama. Tunawashukuru mafundi na wafanyakazi wenzake, Pimamaji kwa uaminifu wake na Maranda kwa machozi yake, wateja waliomsikiliza na wale wa ofisi ya simu, na dada yetu mkubwa, ambaye ameniomba niseme kwamba marehemu alizaliwa Jumamosi. Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu sita na sakafu moja, na mjane ameniagiza niwatangazie wenye sare ambazo hazijamalizika kwamba atarudi kwenye cherehani Jumatatu, dirishani, na anayetaka kumwona aingie kwa kuinama.

Kaka, leo tunakulaza juu ya ardhi yenyewe, iliyoshiba, isiyo na tumbo tupu, umeshaigonga ukiwa mtoto na huna haja ya kuigonga tena. Haichezi. Pumzika kwa amani.